Prado yangu inakula mafuta kuliko zamani: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Nina duka la pembejeo hapa Lindi mjini, na msimu wa salfa, dawa ya mikorosho, nasambaza mwenyewe Mtama, Nyangao mpaka Ruangwa. Gari langu ni Prado ya mwaka 1998, injini ya petroli 3RZ, otomatiki. Miaka minne iliyopita lilikuwa linanipa kilomita 7 kwa lita. Sasa nikipiga hesabu napata 4 na nusu. Injini haina kelele wala moshi. Mwaka juzi ilichemsha, ikatengenezwa, na tangu hapo haijachemsha tena, mshale wa joto hata nusu haufiki. Mwaka jana niliweka matairi makubwa kidogo, 265/75, kwa ajili ya njia mbovu. Kuna taa ya njano yenye picha ya magurudumu iliwaka nilipokwama kwenye matope wakati wa masika, haijazimika mpaka leo, ila gari linatembea. Fundi mmoja anasema nitoe propela ya mbele, lile shafti linalozungusha ekseli ya mbele. Mwingine ananiuzia kifaa cha sumaku cha kufunga kwenye bomba la mafuta. Shemeji yangu anasema niweke injini ya dizeli yaishe. Nianze na lipi?

Jibu: Marahaba dada yangu. Usianze na lolote kati ya hayo matatu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikirudia naona sehemu kubwa ya jibu umeiandika mwenyewe: mshale wa joto usiofika nusu, matairi mapya, taa ya njano. Gari lililokuwa linatoa 7 likashuka hadi 4 na nusu halihitaji kuongezewa kitu. Kuna kitu kimeondolewa, kimekwama au kimeharibika, na kazi yetu ni kukitafuta. Hizo 7 zilikuwepo, kwa hiyo zinaweza kurudi. Usitegemee 10. Prado ya namna hiyo inakaribia tani mbili ikiwa tupu, na wewe unaipakia salfa.

Kabla ya kushika spana, turudi kwenye hesabu yako, kwa sababu sijui uliipigaje. Wengi wetu huku tunanunua mafuta ya elfu thelathini leo, ya elfu hamsini keshokutwa, na mwisho wa mwezi tunasema gari linakula. Lakini bei kikomo inabadilika kila EWURA inapotangaza, Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ukipima kwa shilingi unachanganya njaa ya gari na bei ya chakula. Mshale wa tanki nao si kipimo. Robo ya kwanza na robo ya mwisho hazilingani hata siku moja. Fanya hivi: nenda sheli moja, pampu ileile, jaza mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, usimruhusu kijana aongezee kidogo kidogo mpaka mdomoni. Rudisha mita ya safari kwenye sifuri. Tembea kazi zako za kawaida mpaka tanki lifike chini ya nusu, rudi palepale, jaza vilevile. Kilomita ulizotembea gawa kwa lita ulizojaza. Andika kwenye daftari pamoja na njia uliyopita na mzigo uliobeba. Tanki moja halisemi kitu, matatu yanasema.

Sasa matairi. Prado nyingi za umri wa lako zilikuja na 265/70 kwenye rimu ya 16. Kibandiko cha mlango wa dereva kitakuthibitishia. Tairi hilo likizunguka mara moja linatembea mita 2.44. Hilo jipya la 265/75 linatembea karibu mita 2.53. Mita ya gari haijui kuwa umebadilisha tairi, yenyewe inahesabu mizunguko. Kwa hiyo kila inapokuandikia kilomita 100, umeshatembea 103 na ushee. Tuseme ulijaza lita 60 na mita ikasoma 270: hiyo ndiyo 4 na nusu yako. Lakini kweli umetembea 279, na ulaji wako ni 4.65. Si tofauti kubwa, ila ni sehemu ya upungufu ambayo haipo kabisa, na hakuna fundi atakayekutengenezea kitu ambacho hakijaharibika. Kila hesabu utakayopiga kuanzia leo, zidisha kilomita za mita kwa 1.034 kwanza. Tairi kubwa lina gharama yake ya kweli pia: ni zito, na linaifanya gia iwe ndefu, kwa hiyo kwenye kilima giaboksi inarudi chini mapema. Siku ukiyamaliza hayo, rudi kwenye saizi ya kibandiko.

Hapo tumepata sehemu ndogo. Kubwa nadhani liko kwenye ule mshale wa joto.

Umeandika kama habari njema kwamba tangu gari litengenezwe halijachemsha tena na mshale hata nusu haufiki. Mimi niliposoma hapo nilisimama. Prado nzima kiafya, ikishatembea dakika kumi, mshale unakaa karibu na katikati na hautoki hapo, iwe asubuhi ya baridi au saa nane mchana. Mshale unaobaki chini maana yake, mara nyingi sana, ni kwamba aliyekutengenezea alitoa themostati.

Themostati ni mlango mdogo kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini peke yake ili ipate moto haraka. Yakifika nyuzi 82 hivi, nta iliyo ndani ya kile kidude inatanuka, inasukuma mlango, na maji yanaanza kwenda kwenye rejeta kupoa. Gari linapochemsha, njia ya mkato ni kuling'oa lango lote. Maji yanapita wakati wote, mshale unashuka, mteja anaondoka na furaha. Nami nilikuwa nazitoa. Miaka yangu ya mwanzo gereji hapa Mtwara nilitoa themostati nyingi, nikiamini kwamba pwani kwenye joto hili hazina kazi, kwamba waliotengeneza waliziweka kwa ajili ya nchi za baridi. Nilipokuja kuelewa kinachotokea iliniuma, kwa sababu wenye magari wale walilipa mara mbili: mara moja gereji, na mara ya pili sheli, kila wiki, kwa miaka.

Kinachotokea ni hiki. Kompyuta ya injini inaamua kiasi cha petroli kwa kuuliza, pamoja na mengine, maji yana joto gani. Yakiwa baridi inaongeza mafuta, kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma cha baridi. Ni kazi ileile iliyokuwa inafanywa na choki kwenye magari ya kabureta, na unakumbuka mtu akisahau choki nje gari lilikuwa linakunywaje. Sasa chukua Prado isiyo na themostati, itoe Mnazi Mmoja uelekee Mtama kwa spidi ya 80. Upepo unapiga rejeta, maji yote yanapita pale, injini haifiki joto lake. Kwa kompyuta ni alfajiri safari nzima.

La pili watu hawalijui. Giaboksi yako ya otomatiki inasikiliza joto lilelile. Maji yakiwa ya baridi, inazuiwa kuingia gia ya nne, na inazuiwa kufunga ile klachi ya ndani inayounganisha injini na giaboksi moja kwa moja bila kuteleza. Unatembea gia ya tatu barabara nzuri ya lami, injini inazunguka bure. Unaweza kulipima hili wewe mwenyewe. Barabara ikiwa tambarare na tupu, shika 80, mguu utulie, uangalie mshale wa mizunguko. Gari likiingia ya nne mizunguko inashuka kwa robo mpaka theluthi, kisha baada ya muda kidogo inashuka tena kidogo sana klachi inapofunga. Ukiona mishuko yote miwili, giaboksi iko sawa. Usipoiona, angalia kwanza kama dashibodi imewaka maandishi ya O/D OFF; kuna kitufe kwenye mpini wa gia ambacho mkono unaweza kukibonyeza bila kujua, na mtu akatembea nacho mwaka mzima. Kama taa hiyo haipo, tunarudi kwenye joto.

La tatu ni la uhai wa injini: petroli iliyozidi inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinakula chuma.

Kujua kama themostati ipo huhitaji kumlipa mtu. Asubuhi, injini imelala usiku kucha na rejeta ni baridi kabisa, na nasisitiza baridi kabisa, kwa sababu mfuniko ukifunguliwa wa moto unaunguza uso: fungua mfuniko wa rejeta, washa gari, chungulia. Maji yakitulia, themostati ipo na imefunga. Ukiyaona yanakimbia mara moja kama mfereji, haipo au imekwama wazi.

Lakini usikimbilie kuirudisha kabla ya kujua injini ilichemsha kwa nini, maana sababu bado iko humo ndani, imefunikwa tu. Ukirudisha themostati leo kwenye rejeta iliyoziba, kesho utasimama njiani kwenye kilima cha kwanza na salfa yako. Maji ya visima vingi vya pwani yetu yana chumvi, na magari mengi ya Lindi na Mtwara yamenyweshwa maji hayo kwa miaka. Yanajenga ukoko mweupe kwenye mirija ya rejeta kama ule wa ndani ya birika. Fungua mfuniko uangalie: ukoko, au maji ya rangi ya chai ya rangi, ni dalili. Rejeta ishushwe, ifunguliwe isafishwe, au ibadilishwe kama mapezi yake yameliwa. Mpira wa mfuniko ukiwa umekakamaa, nunua mfuniko mwingine wenye namba ileile, kwa sababu ndio unaoshikilia presha inayozuia maji yasichemke mapema. Feni nayo iangaliwe. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, isukume kwa mkono. Inatakiwa izunguke kwa uzito, kama inapita kwenye asali. Ikizunguka huru raundi kadhaa, klachi yake imekufa na ndiyo iliyokuchemshia gari. Ikiwa imegandamana na injini moja kwa moja, utaisikia inavuma kama upepo wa kusi kila ukikanyaga mafuta, na hiyo inakula nguvu, kwa maana nyingine petroli, bila sababu.

Hayo yakishakamilika, nunua themostati halisi, si ya elfu chache isiyo na jina. Kabla haijafungwa, iweke kwenye sufuria ya maji jikoni, ining'inie kwa uzi isiguse chini, uwashe moto. Ikiwa maji bado ya uvuguvugu imefunga. Yanapokaribia kuchemka lazima uone mlango umefunguka wazi. Nimeshakuta mpya za dukani ambazo hazikufunguka kabisa. Kale katundu kenye kipini kinachochezacheza kakae juu wakati wa kufunga, ili hewa itoke. Na kuanzia siku hiyo gari linywe kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, siyo maji ya kisima.

Ukisharudisha, mshale ukapanda ukatulia katikati, na bado gari linakula, basi twende kwenye sensa. Hapa pana mtego mmoja. Mshale wa dashibodi na kompyuta havitumii sensa moja. Kuna ndogo yenye waya mmoja inayolisha mshale, na nyingine yenye waya mbili inayolisha kompyuta. Mshale unaweza kukuambia ukweli huku kompyuta inadanganywa. Hiyo ya waya mbili inapimwa kwa mita ya umeme: kwenye nyuzi 20 inatakiwa isome kati ya omu 2,000 na 3,000, na kwenye nyuzi 80 kati ya 200 na 400. Ikibaki juu injini ikiwa ya moto, ibadilishwe. Chunguza pia soketi yake, maana kwa chumvi ya baharini nyaya za hapa kwetu zinaota unga wa kijani, na unga huo peke yake unatosha kuidanganya kompyuta.

Prado nyingi zilizotoka Japani miaka hiyo zinakuambia zenyewe kinachoziuma. Kwenye chumba cha injini kuna kijisanduku chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS. Fundi anayejua akiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa ON bila kuwasha injini, taa ya injini inaanza kukonyeza. Ikikonyeza haraka haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara mbili tena, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. Mara mbili kisha moja ni 21: sensa ya oksijeni. 31 ni upimaji wa hewa. Asiyejua asijaribu, kwa sababu mle ndani kuna matundu mengine na ukikosea unaunguza kitu. Lakini fundi yeyote atakayekuambia badilisha sensa bila kwanza kusoma taa hiyo au kushika mita, anakisia kwa pesa yako.

Sensa ya oksijeni iko kwenye bomba la ekzosi na kazi yake ni kunusa moshi na kuiambia kompyuta ipunguze au iongeze. Ikizeeka inanusa polepole, na kompyuta ikikosa taarifa zake inarudi kwenye makadirio ya upande wa mafuta mengi. Kama mtu aliwahi kukutolea masega, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi, akaunga bomba tupu, kagua kwamba hakuna tundu au gasketi inayovuja kabla ya sensa. Hewa ya nje ikivutwa pale, sensa inadhani moshi una oksijeni nyingi, kompyuta inamwaga petroli. Kitu kingine cha dakika moja: chomoa kimpira cha hewa kinachokwenda kwenye regyuleta ya presha ya mafuta, unuse. Kikinuka petroli au kikitoa tone, regyuleta imetoboka na injini inalishwa mafuta kwa mlango wa nyuma. Kisha ng'oa plagi zote nne uzipange kwa mpangilio wake juu ya gazeti. Rangi ya udongo mkavu ni afya. Masizi meusi makavu ni petroli iliyozidi. Moja ikiwa nyeusi na tatu safi, tatizo ni la silinda hiyo, pengine nozeli, kile kinyunyizio cha petroli, inavuja, na siyo sensa.

Chujio la hewa nitalitaja kwa sababu ndilo la kwanza kulaumiwa. Kwenye injini ya kabureta lilikuwa kweli. Kwenye injini yenye kompyuta kama yako, chujio chafu linapunguza nguvu ya kuchomoka lakini ulaji wa mafuta karibu haubadiliki, kwa sababu kompyuta inapima hewa iliyoingia na kulisha kwa kiasi hicho. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani walilipima hili mwaka 2009 wakaliona. Wewe libadilishe hata hivyo, kwa sababu ya vumbi jekundu la njia zako. Vumbi likipita linasaga injini.

Sasa nije kwenye breki, ambazo hujazitaja kabisa, na kwa mtu anayelaza gari Lindi karibu na bahari ningezikagua wiki hii. Kuna Prado moja ililetwa kwangu kutoka Kilwa, malalamiko yaleyale ya mafuta, mwenyewe ameshabadilisha plagi na sensa mbili. Nilimwomba twende mpaka Mikindani na kurudi, bila kukanyaga breki ila pale inapobidi. Tuliposimama nikachukua chupa ya maji nikadondosha matone kwenye kila rimu. Tatu maji yalikaa. Ya mbele kushoto yalilia kama kitunguu kwenye mafuta na kupotea. Tulipoifungua, kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, chenye pistoni nne, mbili zilikuwa zimeganda kwa kutu chini ya vimpira vyake. Pedi ilikuwa imebaki imeshika diski, gari linakimbia huku limefungwa breki. Fanya jaribio hilohilo la matone, usiguse diski kwa mkono. Au kwenye mteremko mdogo sana, weka N, achia breki: gari zima linaondoka lenyewe bila kusukumwa. Ukitaka kunyanyua gurudumu uzungushe kwa mkono, weka mawe kwenye magurudumu mengine pande zote mbili kwanza. Kwenye gari la aina yako, P peke yake haitoshi kulishikilia gurudumu moja likiwa juu.

Taa ya njano sasa. Prado yako inavuta magurudumu manne muda wote, na katikati ina difu inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka tofauti kidogo kwenye kona. Ulipokwama, wewe au aliyekusaidia alivuta ule mpini mdogo kutoka H kwenda HL, akaifunga difu hiyo. Kwenye matope ni sahihi kabisa. Kwenye lami ni makosa, kwa sababu kila kona ekseli zinavutana na nguvu inaishia kwenye minyororo, gia na raba za matairi. Kwa mafuta, kwenye barabara iliyonyooka hailambi nyingi, nisikudanganye; ninachokiogopea ni giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, ambayo spea zake ni ghali. Simamisha gari, weka N, rudisha mpini H, kisha rudi nyuma taratibu mita chache kwa mstari ulionyooka, uende mbele tena. Taa izimike. Isipozimika, nenda kwenye uwanja wa mchanga, kata usukani wote, tembea polepole. Gari likijibana kama limeshikwa breki, difu bado imefunga, peleka kwa fundi. Likizunguka laini, ni swichi ya taa tu.

Na hapo utaona kwa nini propela ya mbele isitolewe. Difu ya katikati ikiwa wazi na upande mmoja hauna propela, nguvu yote inakimbilia upande huo mtupu na gari halisogei. Ili litembee lazima uifunge HL daima. Umebaki na gari la magurudumu mawili, Ruangwa wakati wa masika, na ulichookoa ni uzito wa chuma kimoja.

Keria ya juu, kama unayo, ishushe msimu wa salfa ukiisha. Umbo la Prado tayari ni kabati linalosukuma upepo, na keria yenye madumu na spea juu inaongeza. Hapohapo ndipo spidi inapoingia. Nguvu ya upepo inakua kwa mraba wa spidi: kutoka 80 kwenda 100 unapambana na upepo uliozidi kwa asilimia 56. Kati ya Mnazi Mmoja na Nanganga vijiji vimefuatana na vibao vya 50 ni vingi, kwa hiyo anayekimbia 110 katikati ya vijiji anaishia kufunga breki kila baada ya muda mfupi, na kila breki ni petroli aliyokwisha kuinunua. Achia mafuta mapema ukiona kibao. Ukiachia mguu kabisa gari likiwa kwenye gia, injini ya kompyuta inakata petroli yenyewe, ila ukiweka N kwenye mteremko inaendelea kunywa, na breki zako zinabaki peke yake.

Upepo wa matairi pima asubuhi kabla hujatembea, ufuate kibandiko, na ukipunguza kwa ajili ya mchanga rudisha siku hiyohiyo. Oili, acha ile nzito ya 20W-50 kama injini haili oili. 10W-30 itakupa asilimia 1 au 2. Salfa ya mfuko wa kilo 25, mifuko 20, ni nusu tani: siku huna wateja isibaki ndani ya gari kama stoo.

Kile kifaa cha sumaku usinunue. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imevipima vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta kwa miaka mingi, na karibu vyote havikuokoa kitu. Injini ya dizeli nayo, mwambie shemeji kwa heshima: 1KZ ambayo watu huifunga kwenye Prado ina historia ya kupasuka silinda hedi ikichemsha, na wewe una rejeta ambayo bado hatujaijua hali yake. Pia utabadilisha pampu, nyaya, maunganisho ya giaboksi, na namba ya injini kwenye kadi ya gari. Pesa hiyo inanunua rejeta, themostati, sensa zote mbili, seti ya kalipa na petroli ya muda mrefu.

Nenda kwa mpangilio huu: rudisha mpini H leo, chungulia rejeta kesho asubuhi, jaribu matone ya maji ukirudi sokoni. Tanki la kwanza lipime kabla hujatengeneza chochote, ili tuwe na namba ya kuanzia. Kisha tengeneza kimoja, pima tanki, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitano kwa siku moja hutajua kipi kilikuwa kinakuibia. Ukishakuwa na matanki matatu baada ya themostati kurudi, niandikie namba zako pamoja na rangi za zile plagi nne, silinda ya kwanza mpaka ya nne, nikuambie kama kuna haja ya kufungua nozeli.